Kijiti Chekundu Chini ya Dashibodi

Gereji ya Usoke, mkoani Tabora, niliyoipitia mwezi wa nane haina ukuta. Ina mwembe, benchi mbili za mbao zilizoshiba oili chafu, na fundi anayefika kazini kabla jua halijapanda. Tulikuwa na Hiace ya kampuni moja ya ununuzi wa mazao, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika huko, na taa zake za nyuma zilikuwa zimegoma. Fundi alijikunja upande wa abiria, kichwa chini ya dashibodi, akipapasa nyaya. Alipotoka alikuwa ameshika kitu ambacho hakikuwa fyuzi: kijiti chekundu cha plastiki, urefu wa shubiri hivi, chenye kifuniko na maandishi ya Kijapani yaliyochujuka.

Mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, alikidaka kabla yetu. Akakitikisa sikioni. Akachomoa kifuniko, akaona ncha yenye rangi kama ya kichwa cha njiti ya kiberiti, na juu ya kifuniko pana sehemu ya kukwaruzia. Yeyote aliyewahi kuwasha moto jikoni anajua hatua inayofuata.

"Mzee, hii tochi?"

"Rudisha kifuniko, mwanangu. Taratibu. Hiyo ni baruti."

Miguuni petu palikuwa na beseni la petroli ambamo fundi alikuwa akioshea kabureta ya pikipiki.

Dereva alinyamaza kwa muda. Kisha akasema ameliendesha gari lile miaka mitatu, na kila siku abiria wa mbele huweka miguu pale pale.

Nimeanza na kijiti hicho kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za mienge ya tahadhari barabarani tunadhani ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Sheria ya Japani inataka kila gari liwe na chombo cha kutoa ishara ya dharura, na kwa magari mengi chombo hicho ni kijiti cha moto kilichobanwa kwenye kishikizo karibu na miguu ya abiria wa mbele. Kwa viwango vyao kinapaswa kuwaka angalau dakika 5, mwanga wake uonekane usiku kutoka mita 200, na muda wake wa kutumika ni miaka 4. Sasa hesabu magari yaliyopita kwenye mnada wa Japani, yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakaishia kubeba wahasibu, wakaguzi wa mazao na wauzaji wa pembejeo kati ya Tabora, Urambo na Kaliua. Noah, Hiace, Canter, Land Cruiser. Mengi hufika na kishikizo kitupu, lakini mengine hufika na kijiti chake, muda wake ukiwa umepita zamani, na hakuna katika kampuni anayejua kwamba kimo.

Kwa hiyo kampuni inayosema haina kanuni ya mienge kwa kuwa haina mienge, ikaangalie kwanza chini ya dashibodi.

Mwenge wenyewe ni kitu rahisi kuuelewa. Ile mirefu ya Marekani hutengenezwa kwa naitreti ya strontiamu, ambayo ndiyo inayotoa wekundu ule mkali, ikachanganywa na perikloreti ya potasiamu, salfa, vumbi la mbao na nta. Huwaka dakika 15 hadi 30 kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za selsiasi. La muhimu kwa mtu wa barabarani ni kwamba oksijeni inayohitajika imo ndani ya mchanganyiko wenyewe. Ukiufunika kwa turubai hauzimiki, na ukiumwagia ndoo ya maji usitegemee kwamba umekwisha. Unavyowaka hudondosha matone ya ujiuji wenye moto. Tochi haifanyi hivyo, wala kibatari. Hiki ni kitu cha ukoo mmoja na fashifashi za sikukuu, kilichofundishwa tu kuwaka polepole.

Na kitu cha ukoo wa baruti hakijawahi kupita njia hii bila kuulizwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alisimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukielekea Ujiji, akadai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Na baada ya kulipwa akawaambia warudi walikotoka. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa Unyanyembe wakati ule, ndiye aliyeandika habari hiyo, na vita vilivyofuata vilifunga njia ya Tabora kwenda ziwani kwa muda mrefu. Angalia mpangilio wa dai lile: baruti imetajwa kabla ya bunduki na nguo. Mtawala wa nchi hii alijua kwamba mzigo huo una hesabu yake ya peke yake, na anayeupitisha lazima ajieleze.

Serikali za leo zinajua hivyo hivyo. Tanzania ina Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na usimamizi wake uko upande wa madini, kwa sababu migodi ndiyo inayotumia baruti nyingi kuliko wote. Kuna wakaguzi wa baruti, kuna vibali vya kununua, kutunza na kusafirisha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1875, ambayo ndiyo mama wa sheria nyingi za makoloni yake katika jambo hili, iliziweka ishara za reli za wakati wa ukungu na fashifashi katika fungu moja na baruti yenyewe. Orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari nayo inaipa mienge ya ishara ya mkononi namba 0191 na 0373, zote chini ya Daraja la 1, daraja la milipuko. Herufi na tarakimu ndogo zinazofuata hueleza ukali: iliyo 1.4S, ikiwaka ndani ya boksi lake, madhara yake hayatoki nje sana, iliyo 1.4G inahitaji uangalizi zaidi. Wamarekani wameichukulia mienge ya barabara na reli kwa namna ya kwao, wakaiweka Daraja la 4.1, la vitu vikavu vinavyoshika moto kwa urahisi.

Tofauti hiyo ya madaraja si ubishi wa makarani. Inaamua kama dereva anahitaji kibali au hahitaji. Marekani, kampuni inayobeba vitu vya Daraja la 4.1 kwa ajili ya kazi yake yenyewe inaruhusiwa kufanya hivyo bila makaratasi ya msafirishaji wa bidhaa za hatari, mradi kifurushi kimoja cha kundi la kati kisizidi kilo 30 na vitu vyote vya namna hiyo garini visizidi kilo 200. Lakini ruhusa hiyo haivihusu vitu vya Daraja la 1. Mwenge ule ule, ukibadilishiwa lebo, unatoka kwenye kisanduku cha spana na kuingia kwenye orodha ya baruti.

Hapa ndipo kampuni zetu zinapoweza kupotea. Kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kilisainiwa mkataba wake Desemba 2022 na kampuni za Kichina. Nzega kulijengwa kiwanda cha Sojo cha kufunika mabomba ya bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda kwenda Tanga. Kazi kubwa za namna hii huleta wakandarasi, na wakandarasi huja na vitabu vya usalama vilivyoandikwa kwingine. Kitabu kikisema kila gari liwe na mienge sita, ofisa manunuzi wa Tabora ataitafuta mienge sita. Kabla ya kuitafuta angepaswa kwenda ofisi ya madini kumuuliza mkaguzi wa baruti, akiwa na karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha namba ya Umoja wa Mataifa na daraja. Bila karatasi hiyo hajui ananunua nini, na trafiki akimsimamisha njiani pale Ndono hatakuwa na la kuonyesha.

Kanuni inapaswa kutenganisha hali tatu, na nimeona watu wakizichanganya. Kuna kijiti kilichokuja na gari kama sehemu ya vifaa vyake. Kuna mienge michache ambayo kampuni imeamua kuiweka garini kwa kazi ya gari hilo. Na kuna katoni zinazopelekwa kutoka bohari ya Dar es Salaam kwenda kambi ya Kaliua. Hiyo ya tatu ni mzigo wa baruti, hata kama anayeupakia ni mtu wa bohari aliyezoea kupakia buti na helmeti. Usipakiwe pamoja na madumu ya dizeli wala mitungi ya gesi, usiwekwe chumba cha abiria, na dereva asipewe safari hiyo kwa kuambiwa tu "pitia na hivi viboksi".

Kuna magari ambayo hayafai kuwa na mwenge hata mmoja. Kanuni za Marekani zinaruhusu lori la biashara kubeba ama pembetatu tatu za kuakisi mwanga, ama mienge isiyopungua sita, lakini zinakataza kabisa ishara yoyote yenye moto kwenye gari linalobeba milipuko, kwenye tangi la mafuta au gesi inayowaka, liwe limejaa au tupu, na kwenye gari linaloendeshwa kwa gesi iliyoshindiliwa. Neno "tupu" limewekwa kwa kujua. Tangi lililoshushwa petroli linabaki na mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Barabara ya kutoka Tabora kwenda Kigoma inapita malori ya mafuta. Dereva wa gari dogo la kampuni atakayesimama kusaidia usiku kwenye ajali, akawasha mwenge wake kwa nia njema mita ishirini kutoka kwenye tangi linalovuja, atakuwa amefanya jambo baya kuliko kama angepita tu. Kwa hiyo katazo la kubeba halitoshi. Dereva afundishwe kunusa na kutazama kwanza kabla ya kuwasha chochote.

Lakini sababu inayonifanya nisione mahali pa mwenge katika barabara ya Usoke ni ya karibu zaidi. Ni majani. Nchi hii ni ya miombo. Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za kwanza, majani ya pembeni mwa lami husimama makavu, marefu kufika kiunoni, yakilia yakipigwa na upepo wa malori. Nyuma yake kuna msitu, na msituni kuna mizinga ya watu. Asali ya Tabora ni ada ya shule na ni dawa ya kikohozi. Msimu huo huo ndio tumbaku inapohama. Urambo ilipewa karanga baada ya Vita vya Pili, ule mradi wa Waingereza ulioanza 1947 ukashindwa, na tumbaku ikashika nafasi yake mpaka leo. Lori lililoharibika pembeni mwa barabara mwezi wa nane mara nyingi lina marobota ya tumbaku yaliyofungwa kwa juti, yamepangwa kufika juu ya bodi, yamefunikwa turubai. Weka mwenge wa nyuzi 1,000 chini, nyuma ya mzigo huo, upepo ukivuma kutoka mashariki kama uvumavyo huku kiangazi. Mwongozo uliotungwa kwa barabara yenye mabega mapana ya lami na theluji pembeni haukuwaza habari hiyo.

Basi tunabaki na nini gari likizima saa mbili usiku? Tunabaki na matawi.

Usiku mmoja, kilomita chache magharibi ya Usoke, nilisimama nyuma ya lori la aina hiyo hiyo, ekseli imekatika. Tandiboi alikuwa ameshashuka na panga. Alikata matawi ya mti wa mtundu yenye majani mabichi, akayapanga: fungu la kwanza karibu hatua sitini kutoka kwenye lori, la pili katikati, la tatu karibu na tairi, akaweka na jiwe nyuma ya gurudumu. Alifanya haraka na kwa mpangilio, kama mtu aliyefunzwa, ingawa hakuna darasa alilofundishwa. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko magari. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jinsi kirongozi wa msafara alivyoweka tawi au kuchora mstari kuvuka njia isiyo yake, ili wapagazi walio nyuma wasipotee. Tawi njiani lilikuwa neno lililosomwa na Mnyamwezi, Msukuma na Mswahili wa pwani bila mkalimani, na bado linasomwa na dereva wa Burundi na wa Kongo.

Ninaiheshimu desturi hiyo, na ndiyo maana nasema wazi kwamba haitoshi. Tawi haliakisi mwanga. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde mbili kuona, kuelewa na kukanyaga breki, mita 44 zimekwisha. Ongeza mita 50 au zaidi za kusimama kwa gari zito lenye breki nzima. Tawi ambalo taa za chini zinalionyesha kutoka mita 50 linamwambia jambo ambalo hana tena nafasi ya kulitendea kazi. Pembetatu yenye kiwango hurudisha mwanga kutoka mbali kuliko hapo, na hurudisha wekundu wenye umbo ambalo usiku hakuna kingine kinachofanana nalo. Kanuni namba 27 ya Umoja wa Mataifa huko Geneva imeweka urefu wa ubavu wake kuwa kama sentimita 50. Zile ndogo nyepesi zinazouzwa stendi, zinazopeperushwa na basi la kwanza likipita, hazistahili jina hilo.

Na pembetatu nzuri ikiwekwa hatua kumi kutoka kwenye bampa nayo haimwokoi mtu. Ukitazama hesabu ya juu, hata mita 30 ni chache mno kwa barabara ya mwendo wa 80. Mimi ningeiandikia kampuni mita 100 nyuma, na mbele vivyo hivyo kwa kuwa barabara ni ya njia mbili. Na kwenye kona au mlima, pembetatu ikae kabla ya kona, si ndani yake. Dereva atembee ameishika kifuani, uso wake wa kuakisi ukitazama magari yanayokuja, avae kizibao cha kung'aa. Kisha, baada ya kutengeneza gari, arudi kuondoa alichoweka. Hilo la mwisho ni dogo kulisema, lakini matawi na mawe yaliyoachwa katikati ya lami baada ya lori kuondoka yamewaangusha waendesha pikipiki wengi huku. Lile jiwe la nyuma ya gurudumu ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani kabisa.

Kuna watu wa Usoke ambao wamekuwa wakitunza ishara za baruti bila kelele, nao ni watu wa reli. Reli ya kati iliyoanza Dar es Salaam 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita hapa. Fataki za reli, zile zinazofungwa juu ya reli zikalipuka chini ya gurudumu ili kumwonya dereva wa treni, zilibuniwa Uingereza mwaka 1841 na Edward Alfred Cowper. Uzuri wa mfumo ule haumo katika mlipuko. Umo katika utunzaji: fataki huwekwa kwenye boksi la bati, zina mwaka wa kutengenezwa uliogongwa juu yake, na yupo mtu mmoja mwenye cheo anayezijibia kwa idadi. Hata mtu asiyezipenda fataki anaweza kuazima utaratibu huo.

Kampuni ya magari matano ya Urambo inaweza kuufuata kwa daftari moja. Siku gari linaponunuliwa, kabla halijaandikwa nembo mlangoni, mtu aangalie chini ya dashibodi, chini ya kiti na kwenye sehemu ya tairi la akiba, aandike alichokuta na tarehe yake. Kilichopitwa na wakati kitoke. Kampuni ikiamua kubaki na mienge mizima, kwa mfano kwa boti ya Ziwa Tanganyika au kwa kazi ya sehemu yenye lami pana na maji ya kutosha, iwekwe kwenye boksi gumu lenye kifuniko, mbali na betri, oili na matambara, na si juu ya dashibodi ambako jua la Tabora hupika hata kalamu. Dereva asiyewahi kuwasha hata mmoja chini ya uangalizi asipewe. Atakayeuwasha kwa mara ya kwanza gizani, mikono ikitetemeka, akielekeza ncha usoni kwake, ataungua yeye kabla ya kumwonya mtu. Taa za ishara za betri, zinazomulika nyekundu kwa saa nyingi, zimekubaliwa hata Japani kwenyewe badala ya kijiti cha moto, na kwa barabara hii ndizo ningezinunua mimi baada ya pembetatu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake kazini, na kwa dereva, mahali pa kazi ni lile gari.

Linabaki suala la kukitupa kijiti, na hili linanisumbua kuliko yote. Kukizika ni kumwekea mtoto atakayelima pale. Kukitupa dampo ni kuwapa wanaookota chupa. Kukichoma pamoja na takataka ni kukiwasha. Kukitumbukiza kisimani ni kuwapa watu maji yenye perikloreti, chumvi inayodhuru tezi la shingo. Japani wanakirudisha kwa muuzaji wa magari. Muuzaji wa gari lile yuko Yokohama au Nagoya, na fundi wetu yuko chini ya mwembe.

Siku ile fundi alichukua kopo kubwa la maziwa, akalijaza mchanga mkavu, akakilaza kijiti ndani kikiwa na kifuniko chake, akaongeza mchanga juu. Mwanagenzi aliandika BARUTI USIGUSE kwa chaki ya mafundi, na tarehe. Wakaliweka juu ya kiguzo, mbali na beseni la petroli, mahali ambapo mtoto hafiki bila ngazi. Dereva alipiga simu ofisini kwao kuuliza nani anakuja kukichukua. Nilipopita tena mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikiwa imeshaosha vumbi la barabarani, kopo lilikuwa pale pale, na chini ya tarehe ya kwanza yule kijana alikuwa ameandika nyingine mbili, za siku alizokagua kama kijiti bado kimo.